Kabureta ya Pikipiki ya Mbio na Petroli Inayochelewa

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia katika silinda ya injini, na historia yake katika pikipiki za mbio ni historia ya tatizo moja lililotafutiwa dawa kwa zaidi ya miaka 100: hewa ni nyepesi na huitika mara njia inapofunguliwa, ilhali petroli ni nzito na hukawia nyuma yake. Vipande vingi vidogo vilivyomo ndani ya chombo hicho vilibuniwa ili kuziba pengo fulani la ukawiaji huo.

Pikipiki iliyoundwa na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach huko Cannstatt, Ujerumani, mwaka 1885, haikunyunyiza petroli hata kidogo. Hewa ilipitishwa juu ya petroli ndani ya chombo, ikazoa mvuke na kuupeleka kwenye silinda, njia iliyoitosha injini yenye nguvu ya nusu farasi tu, ingawa kiasi cha mvuke kilibadilika kwa joto la siku na kwa mtikisiko wa barabara. Mwaka 1893 Wahungaria Donát Bánki na János Csonka, na katika mwaka huohuo Maybach mwenyewe, walikuja na njia ya kunyunyiza. Petroli ilihifadhiwa katika bakuli dogo lenye boya, ambalo hupanda pamoja nayo na kufunga vali bakuli linapojaa, hivyo kimo chake hakibadiliki. Hewa nayo ilipitishwa kwenye koo jembamba, ambamo kasi yake huongezeka na kanieneo yake, yaani msukumo wake juu ya kila eneo, hupungua. Petroli ya bakulini, ambayo bado inasukumwa na hewa ya kawaida iliyo juu yake, hulazimika kupanda katika tundu dogo na kutawanyika kuwa matone. Tundu hilo ndilo jeti.

Jeti moja hutosha pale tu injini inapozunguka kwa kasi isiyobadilika, jambo ambalo mwendesha pikipiki halitaki kamwe. Jibu lililoenea zaidi lilitoka Birmingham, Uingereza, ambako mwaka 1927 watengenezaji watatu, Amac, Brown and Barlow na Binks, waliunganishwa na kuzaa jina la Amal. Katika kabureta zake kilango chenye umbo la pistoni huvutwa juu na kebo inayotoka kwenye mpini wa mkono wa kulia, na chini ya kilango hicho huning'inia sindano iliyochongoka, ambayo ncha yake imo ndani ya jeti ya sindano. Kilango kikipanda, sindano hupanda nayo, na kwa kuwa ni nyembamba upande wa chini, nafasi inayoizunguka hupanuka na petroli nyingi zaidi hupita. Kazi iligawanywa hivi: injini inapounguruma bila mzigo hulishwa na jeti ndogo ya mwanzo, kilango kinapoanza kuinuka, mkato uliochongwa ukingoni mwake ndio unaoamua kiasi cha hewa, kuanzia takriban robo hadi robo tatu ya ufunguzi sindano ndiyo inayotawala, na jeti kuu, ambayo wapenda kasi huifikiria kabla ya vyote, hushika usukani katika robo ya mwisho tu.

Boya nalo lilileta taabu yake, kwa sababu pikipiki hulala kwenye kona na kuinama inapofungwa breki, na bakuli lililowekwa pembeni huinua au kushusha kimo cha petroli kila mara. Amal iliunganisha bakuli na mwili wa kabureta katika muundo wa Monobloc wa miaka ya 1950, kisha mwaka 1967 ikatoa muundo wa Concentric, ambao bakuli lake huizunguka jeti kuu kutoka chini. Kwa mbio kulikuwa na aina ya GP, iliyofungwa kwenye pikipiki za BSA Gold Star za nusu ya pili ya miaka ya 1950, ambayo ilipumua vizuri ajabu katika kasi kubwa lakini haikupenda kutulia injini ikiwa haina mzigo. Kilikuwa chombo cha uwanja wa mbio kilichouzwa kwa watu wa barabarani.

Wajapani waliupokea urithi huo, kwani kampuni ya Mikuni ilitengeneza kabureta kwa leseni ya Amal, lakini hawakuishia hapo. Honda CB450 ya mwaka 1965 ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kwanza za Kijapani ambazo kilango chake hakivutwi na kebo: mkono wa dereva hufungua kipepeo tu, yaani kibati kinachozunguka ndani ya njia ya hewa, na kilango huinuliwa na upungufu wa kanieneo unaotokana na mahitaji ya injini yenyewe. Dereva akizungusha mpini ghafla, kilango hupanda kwa kiasi ambacho petroli inaweza kukifuata. Ni suluhisho la busara, na wengi wa wanamashindano hawakulipenda, kwa kuwa walitaka injini iwatii wao.

Kwa ajili yao kampuni ya Keihin ilitengeneza kabureta ya FCR, yenye kilango bapa kinachoteleza juu ya magurudumu madogo na pampu yenye kiwambo cha mpira. Mpini unapozungushwa kwa ghafla, hewa hujaa kooni, kasi yake hupungua, na petroli hukosa nguvu ya kuivuta. Pampu hurusha mchirizi wa petroli katika nukta hiyo ili injini isikohoe. Yamaha YZ400F ya mwaka 1998, iliyowashangaza wengi katika motokrosi kwa injini yake ya mipigo minne, ilitumia kabureta ya aina hiyo.

Mfumo wa kudunga petroli kwa amri ya kompyuta uliingia katika Yamaha R1 mwaka 2002 na katika Honda CRF450R mwaka 2009, na katika pikipiki za barabarani sheria za moshi zilikuwa miongoni mwa vichocheo vyake. Inafaa kutajwa kwamba R1 hiyo, pamoja na umeme wake wote, ilibakiza pistoni inayoinuliwa na kanieneo, kana kwamba wahandisi hawakuwa tayari kuachana na somo la kabureta.

Afrika Mashariki, ambako bodaboda nyingi bado zina kabureta, boya, sindano na jeti hizohizo ndizo zinazofanya kazi kila siku. Anayepanua tundu la jeti kuu akitafuta nguvu hajaigusa sindano, na sindano ndiyo inayoilisha injini sehemu kubwa ya siku.