Kesi ya Kisilu Mutua na Mauaji ya Pio Gama Pinto

Shanzu, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, pana mahakama na gereza la Shimo la Tewa, na nje ya mahakama hiyo ndipo mhubiri Abubakar Shariff Ahmed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makaburi, alipouawa kwa risasi tarehe 1 Aprili 2014, bila ya mtu yeyote kutiwa hatiani. Mauaji yasiyo na mshtakiwa ni kitendawili kilicho wazi. Yanayomsumbua zaidi mwanahistoria ni yale ambayo mshtakiwa alipatikana upesi, akahukumiwa, na kitendawili kikabaki palepale.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge mwenye asili ya Goa, ambaye Pwani ilimpokea akiwa mfungwa, kwani serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini, yaani ilimfunga bila kumshtaki, katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi garini mwake, langoni pa nyumba yake Westlands, Nairobi, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Alikuwa mwandani wa Oginga Odinga, wakati ambapo mrengo wa Odinga ulivutana vikali na wafuasi wa Rais Kenyatta juu ya ardhi na ujamaa, kwa hiyo sababu ya kisiasa haikuhitaji kutafutwa mbali.

Hata hivyo waliopandishwa kizimbani walikuwa vijana wawili wasio na uzito wowote katika siasa, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiwa huru. Kisilu alihukumiwa kunyongwa, adhabu iliyogeuzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha, ingawa alishikilia kwamba si yeye aliyempiga Pinto risasi. Ajabu ni kwamba Jaji Mkuu John Ainley, aliyetoa hukumu hiyo, alikiri mwenyewe kuwa kesi ilionekana haijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika walioletwa mbele yake. Kauli hiyo, iliyostahili kufungua upelelezi mpya, iliachwa ikae kama tanbihi, kwa sababu faili lenye mfungwa huhesabika kuwa limekwisha, na aliyemtuma hatafutwi tena.

Kisilu alitoka gerezani mwaka 2001, baada ya miaka zaidi ya 35, kwa huruma ya rais, ambayo humfungulia mfungwa mlango bila ya mahakama kutamka kwamba hakuwa na hatia.