Mivinje ya Bamburi: Miche Iliyotia Mizizi Kwenye Timbo

Ukishika barabara ya Malindi kutoka Daraja la Nyali, ukifika karibu na kiwanda cha saruji cha Bamburi, mkono wa kushoto kuna msitu. Miti iliyouanzisha ni mivinje, ile yenye vijani vyembamba vinavyoning'inia, ambayo wageni wengi huidhania misonobari. Hapo palikuwa timbo. Kuna vijana wengi wa Kisauni wanaopita kila siku kwa matatu wakidhani msitu ule umekuwapo tangu enzi za mababu, na ndiyo maana nataka kueleza ulivyopandwa, mche baada ya mche, juu ya mwamba usio na hata kiganja cha udongo.

Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa chini ya miguu: matumbawe ya kale, yaliyojengeka wakati bahari ilipokuwa imeifunika pwani hii, kisha yakagandamana kuwa jiwe la chokaa. Jiwe lilichimbwa hadi karibu na maji ya ardhini, na maji yenyewe ni ya chumvichumvi. Kilichobaki ni uwanja mweupe, mtupu, unaorudisha jua usoni. Mwenye kuwahi kusimama ndani ya timbo saa saba za mchana anajua joto lake.

Mwaka 1959 kiwanda kilimwajiri René Haller, mtaalamu wa kilimo cha bustani kutoka Uswisi, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Tanganyika. Mwanzoni kazi yake ilikuwa bustani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini alianza kujaribu kuotesha miti ndani ya timbo lililoachwa. Zilijaribiwa aina 26. Zilizosimama ni tatu tu: mnazi, damas wa Pembe ya Afrika, na mvinje. Katika hizo tatu, mvinje ndio uliobeba msitu mabegani.

Kwa nini mvinje? Chuma kijani chake kimoja ukitazame kwa karibu. Utaona pingilipingili, na ukivuta taratibu kinaachana penye kiungo. Hicho si jani, ni kitawi. Majani yenyewe ni magamba madogo mno yaliyouzunguka kila ukingo wa pingili, na kwa sababu ni madogo hivyo mti haupotezi maji mengi kwenye jua na upepo wa chumvi. Msonobari na mvinje si ndugu hata kidogo. Kwa ukoo, mvinje uko karibu zaidi na mialoni ya Ulaya, na hata vile vikoni vyake vyenye miiba butu si koni za msonobari bali ni matunda.

Siri kubwa zaidi iko mizizini. Ukifukua mche wenye afya utakuta vinundu vya kahawia vilivyoshikana kwenye mizizi. Ndani yake wanaishi bakteria waitwao Frankia, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mti, nao mti huwalipa sukari. Kwa njia hiyo mvinje unaweza kuishi pasipo na mbolea wala samadi. Ila mche ulioota kwenye mchanga mtupu huenda usiwe na bakteria hao, lazima uletewe. Ndiyo sababu wenye vitalu vya mivinje huchukua udongo wa chini ya mivinje mikubwa na kuuchanganya na ule wa kuotesha.

Miche ikashika, timbo likaanza kuwa na kivuli. Kisha likaja tatizo jipya. Vijani vilidondoka vikalundikana, na havikuoza. Vina tanini nyingi, na bakteria wa kawaida wa udongoni hawavipendi. Msitu ulikuwa umesimama juu ya zulia kavu, na bila kuoza hakuna udongo. Hapo ndipo Haller alipogundua kwamba jongoo mwenye miguu myekundu, yule tunayemwita treni ya Mombasa, anavila vijani vile. Wahenga walituambia tutupe jongoo na mti wake. Bamburi walifanya kinyume: majongoo wakakusanywa kwa mamia, wakaletwa penye mti. Wakatafuna, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na juu ya mwamba ukaanza kujengeka udongo mweusi. Mimi nauhesabu huo kuwa ugunduzi mkubwa kuliko yote yaliyofuata pale, na haukugharimu mashine wala dawa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Yakachimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa wanyama, na mwaka 1984 umma ukafunguliwa njia za kutembea msituni. Mwaka 1987 Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na baadaye bustani ikapewa jina lake. Desemba 2004 akaletwa kiboko mchanga, Owen, aliyeokolewa upande wa Malindi, akafanya urafiki na kobe aitwaye Mzee, na habari zao zikazunguka dunia. Walizunguka wao, mivinje ikabaki haitajwi.

Nairejesha leo kwa sababu ya wapenzi wa bonsai, ule ufundi wa kulea mti mdogo ndani ya chungu uliotoka China ukakomazwa Japani. Hamu ya kila anayeanza ni msonobari, na si ajabu. Mjini Washington kuna msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, uliolelewa tangu mwaka 1625, ukanusurika na bomu la Hiroshima, na Wajapani wakautoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Lakini misonobari ya Japani inataka majira ya baridi ili ipumzike. Likoni na Changamwe hakuna baridi hiyo. Aliye Limuru na ajaribu misonobari yake. Sisi wa pwani tunao mti wetu, na Taiwan, pamoja na kisiwa cha Madura huko Indonesia, mafundi wa bonsai wanauheshimu mvinje sana, na wanaukunja na kuupogoa kwa mitindo ileile ya msonobari.

Kuuotesha si kazi ngumu. Chuma vikoni vinapoanza kugeuka kahawia kabla havijafunguka, uvianike juani juu ya kitambaa siku mbili tatu, mbegu zitatoka zenyewe. Ni ndogo, zina kibawa, na upepo kidogo tu unazipeperusha. Zipande mapema, kwani hazikawii kupoteza uhai. Tumia mchanga uliochanganywa na udongo wa chini ya mvinje mzee, uzifunike kidogo sana, uweke kivuli, na uwazuie sisimizi, maana wao huzibeba hadi usione hata moja. Kwa kawaida huchipua ndani ya wiki mbili. Wakati wa kuihamishia miche kwenye viriba, anayekusudia bonsai aukate ncha mzizi mkuu, ili mizizi isambae pembeni na baadaye ienee kwenye chungu kifupi.

Kwa joto letu mvinje haulali mwaka mzima. Machipukizi yapunguzwe mara kwa mara, na waya uliofungwa kwenye tawi ukaguliwe kila wiki, kwa kuwa shina hunenepa upesi na waya huzama kwenye gome. Usidanganyike na sifa yake ya kuhimili ukame. Ule wa timboni mizizi yake ilikuwa jirani na maji ya ardhini. Wa kwenye chungu hauna pa kuyafuata, na kiangazi cha Januari na Februari unataka kumwagiliwa asubuhi na jioni.