Mbwa Msaidizi na Haki za Wengine katika Maeneo ya Pamoja

Mjadala kuhusu wanyama wasaidizi, yaani wanyama waliofunzwa kumfanyia mtu mwenye ulemavu kazi ambayo ulemavu wake unamzuia kuifanya, hupotoka mapema pale unapogeuzwa kuwa ugomvi kati ya mbwa na binadamu. Haki inayodaiwa ni ya asiyeona anayetaka kuingia dukani kama mteja mwingine yeyote, na pingamizi la jirani yake, liwe la kiafya, la woga au la imani, halina budi kupimwa kwa kuangalia kama wawili hao wanaweza kutenganishwa bila mmoja wao kufukuzwa.

Kanuni za Marekani zilizorekebishwa mwaka 2010 zimejengwa juu ya wazo hilo. Mwenye duka huruhusiwa kuuliza tu iwapo mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu na amefunzwa kazi gani. Cheti hawezi kukidai. Mzio, yaani hali ya mwili kukikataa kitu kisichowadhuru wengine, hautoshi kumzuia mbwa asiingie, kwa kuwa wahusika wanaweza kukaa pande mbili za ukumbi, ingawa mbwa asiyedhibitiwa anaweza kutolewa. Ulegevu huu kuhusu vyeti, ambao bila shaka unawaepusha wenye ulemavu na usumbufu wa makaratasi, unawafungulia mlango pia waongo. Ndani ya ndege, ambamo hakuna upande wa pili wa kuhamia, sheria ni kali zaidi: tangu Januari 2021 mashirika yanaweza kudai fomu inayothibitisha mafunzo na afya ya mbwa, na hayalazimiki tena kumhesabu mnyama wa faraja, ambaye humtuliza mwenyewe bila kufunzwa kazi maalumu, kuwa msaidizi. Ukali huo ni wa haki, maana kadiri nafasi inavyobana ndivyo dai la jirani linavyopata uzito.

Teksi ndiyo nafasi finyu kuliko zote, na hapo ndipo pingamizi la imani husikika zaidi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo; madhehebu ya Maliki, kinyume chake, humhesabu kuwa tohara. Hata kwa Mshafi, hata hivyo, najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu, na ikihama huondolewa kwa kuoshwa, ilhali pumu ya dereva haioshwi kwa maji wala udongo. Kwa hiyo Uingereza haikukosea, katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kuruhusu msamaha kwa sababu za kiafya pekee. Dereva asiye na cheti cha msamaha huo akimkataa abiria mwenye mbwa msaidizi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.