Kipande cha Babu na Ushuru wa Wageni

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kisanduku cha bati alichokiweka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake, pamoja na stakabadhi za kodi, mlikuwa na kadi moja iliyochakaa, iliyochorwa vyumba thelathini. Vyumba ishirini na sita vilikuwa vimetiwa alama ya kalamu. Vinne vilikuwa vitupu. Utotoni mwangu, pale kijijini kwetu Kasulu, nilidhani ni mchezo fulani wa Kizungu. Siku moja nikamwuliza. Akanijibu, "Hicho ni kipande, mjukuu wangu. Na hivyo vyumba vinne ndivyo vilivyonila."

Ndugu msomaji, huenda wewe hukukulia katika nchi ya manamba, kwa hiyo nieleze kidogo. Katika mashamba ya mkonge mfanyakazi hakulipwa kwa siku wala kwa mwezi wa kalenda. Alipewa kipande chenye nafasi thelathini, na kila alipomaliza kazi aliyopimiwa, mnyapara au karani alimtilia alama. Akiugua, siku hiyo haihesabiwi. Akishindwa kumaliza mafungu aliyopangiwa, haihesabiwi pia. Mshahara hutoka kipande kikijaa. Kipande cha babu hakikujaa, na sababu yake nitaisema, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike kurasa hizi.

Mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliuagiza kutoka Florida, na mwaka 1893 miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yakazaliwa mashamba ya Tanga, ya Morogoro na ya Kilosa, na Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Lakini mkonge una miiba na utomvu unaowasha, na watu wa karibu na mashamba, waliokuwa na ardhi yao na mazao ya kuuza, hawakuwa na hamu ya kuukata. Basi watu wakatafutwa mbali. Wakapatikana kwetu Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ambako hapakuwa na zao la fedha la maana wala barabara ya kupitishia mazao, ila kodi ilidaiwa kama kwingineko. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kuwafunga watu kamba. Ilitosha kudai shilingi mahali ambapo shilingi haioti.

Babu aliondoka mwaka 1929, kijana asiye na ndevu. Walishuka milima kwa miguu mpaka relini, wakapanda garimoshi kwenda upande wa Kilosa. Shamba alilofanyia kazi alinitajia, ila sitalitaja hapa. Alisema kitu kilichomshangaza kuliko vyote si miiba, bali ni kuambiwa kwamba akitoroka kabla ya mkataba kwisha atashtakiwa kama mwizi. Hakuwa ametishwa kwa uongo. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuvunja mkataba wa kazi kulikuwa kosa la jinai. Tajiri anayemvunjia mtu mkataba na mtu anayemtoroka tajiri hawakuogopa jela kwa kiasi kimoja.

Sasa hebu tuvuke bahari. Mwezi Juni mwaka 1930, babu akiwa bado anakata mkonge, mambo mawili makubwa yalifanyika kwa tofauti ya siku kumi na moja. Tarehe 17 Rais Herbert Hoover wa Marekani alitia saini sheria mpya ya ushuru wa forodha. Tarehe 28, kule Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 29 wa kupinga kazi ya kulazimishwa. Sheria ile ya Marekani inajulikana zaidi kwa ushuru wake mkubwa, lakini ndani yake kulikuwa na kifungu cha 307, kilichopiga marufuku kuingiza bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya wafungwa, kazi ya kulazimishwa, au kazi ya mkataba wenye adhabu ya jinai.

Nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilisimama kitini. Mkataba wenye adhabu ya jinai! Hapa ameandikwa babu yangu. Lakini nilipoendelea nikakaa tena. Kulikuwa na mlango wa nyuma: kuhusu kazi ya kulazimishwa na ya mkataba, marufuku isingehusu bidhaa ambazo Marekani yenyewe haizalishi za kutosha mahitaji yake. Mkonge haukulimwa Marekani kwa kiasi cha maana, ilhali wakulima wake walihitaji kamba za kufungia nafaka. Kwa hiyo huruma ya sheria ile iliishia pale haja ya mnunuzi ilipoanzia. Mlango huo haukufungwa mpaka mwaka 2016, miaka themanini na sita baadaye.

Mtu anaweza kusema: kama mlango ule usingekuwapo, babu angepona. Hata mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi, tena kwa uchungu. Lakini historia ilikwisha kutufanyia jaribio, bila kutuomba ruhusa.

Baada ya mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka, na katika miaka michache tu bei ya mkonge ikashuka kwa zaidi ya nusu. Kwa mkata mkonge, bei ikianguka au soko likifungwa kwa amri ya forodha, tofauti ni ndogo. Kama ushuru wa wageni unaponya, tungeona dalili za uponyaji wakati ule. Tuliona nini? Mashamba yalipunguza watu na kushusha mishahara. Idara ya Kazi, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne ili kuangalia hali za wafanyakazi, ikafungwa mwaka 1931 kwa kubana matumizi, na haikufufuliwa mpaka mwaka 1938. Yaani fedha zilipopungua, kitu cha kwanza kutupwa kilikuwa jicho la mkaguzi.

Na babu? Asubuhi moja waliambiwa wasiende shambani. Kipande chake kilikuwa na alama ishirini na sita. Karani akasema kipande kisichojaa hakilipwi. Akarudi Kasulu mikono mitupu, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, akamkuta karani wa kodi anamsubiri. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alilipa kodi yake kwa kufanya kazi ya barabara, kama sheria ilivyoruhusu siku hizo. Soko la mkonge lilikuwa limelala, lakini kodi haikulala.

Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, alilielewa jambo hili kabla yangu. Jioni moja, mimi nikiwa mwanafunzi wa ualimu mwenye maneno mengi, niliwaeleza pale jikoni kwamba Wazungu wangekataa kuununua ule mkonge, ukoloni ungekoma. Bibi akachochea moto, akasema, "Wangeukataa mkonge, sawa. Na kodi nayo wangeikataa?" Sikuwa na jibu. Kilichomsukuma babu kilikuwa hapa Kasulu, katika daftari la kodi, na ushuru wa New York usingeweza kulifuta daftari hilo.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba soko zuri lilituponya. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto na Wajapani wakaziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nchi za Magharibi zilikosa nyuzi na mkonge wetu ukawa dhahabu. Je, manamba alitajirika? Serikali iliandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani, na watu wa Buha walikuwamo. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kikaanzisha ofisi yake ya kuajiri, SILABU, na malori yakaanza kupanda milima yetu kuchukua vijana kwa maelfu. Bei ikishuka tunafukuzwa, ikipanda tunasombwa. Ndipo nikaanza kuona kwamba bei na ushuru ni kamba ambayo ncha zake zote mbili zimeshikwa na watu wengine.

Ncha moja ilikuja kushikwa na wafanyakazi wenyewe, kidogo kidogo. Makuli wa Tanga waligoma mwaka 1939, wa Dar es Salaam mwaka 1947. Katika mwisho wa miaka ya 1950 manamba nao wakapata chama chao, ambacho Victor Mkello alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1958 shamba la Mazinde likawa na mgomo mrefu. Mabadiliko ya mishahara yaliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1960 hayakuletwa na forodha ya mtu. Yaliletwa na watu waliokataa kuhesabiwa na wengine bila wao wenyewe kuhesabu.

Mabishano haya hayakuzikwa na ukoloni. Desemba 1996, kule Singapore, mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kwamba viwango vya kazi vishughulikiwe na Shirika la Kazi Duniani, na visifanywe kisingizio cha kulinda viwanda vya matajiri. Mwaka 1999 mkutano ulihamia Seattle, na Rais Clinton akadokeza kwamba siku moja viwango hivyo viambatane na adhabu za kibiashara. Wajumbe wa nchi maskini walikasirika, na mkutano, uliokuwa na matatizo mengine pia, ukavunjika. Nikisikiliza redioni nilikuwa upande wa wajumbe wetu. Niliwaza: leo mnawahurumia wafanyakazi wetu, kwa nini hamkumhurumia babu mlipouhitaji mkonge wake?

Hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini haikuwa hoja kamili. Mpwa wangu wa Kibondo ndiye aliyenifundisha. Alikwenda kulima tumbaku upande wa Tabora, kama wanavyokwenda vijana wengi wa kwetu, kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa msimu. Mwisho wa msimu tajiri wake akakata chakula, akakata dawa, akakata na vitu ambavyo kijana hakuvijua, akampa nauli na kitu kidogo. Alipokuwa akinisimulia nilikiona kile kipande cha vyumba thelathini mbele ya macho yangu. Muda si mrefu, Novemba 2019, tukasikia kwamba Marekani imezuia tumbaku ya Malawi kwa kukitumia kifungu kile kile cha 307. Nikamwuliza kama angependa yetu nayo izuiwe.

Alifikiri, akasema, "Mjomba, ikizuiwa, yule tajiri atapata hasara. Lakini alipouza hakunilipa, asipouza ndiyo atanilipa? Mimi ningetaka mtu wa kuja kuhesabu siku zangu pamoja nami."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini, ilinyimwa nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru kuanzia mwaka 2015 kwa sababu ya kuwabana wanavyama vya wafanyakazi, ikarudishiwa mwaka 2018 baada ya kurekebisha sheria zake. Siwezi kusema adhabu ile haikufaa kitu. Lakini katikati ya miaka hiyo kuna wanawake washonaji waliopoteza kazi, na hakuna aliyewarudishia. Zaidi ya hayo, ushuru unaotozwa bandarini unaingia hazina ya nchi inayoutoza. Hakuna senti inayosafiri kurudi kwa aliyedhulumiwa. Ni kama kumtoza faini mnunuzi wa mbuzi wa wizi, halafu faini ikaliwa na hakimu, na mwenye mbuzi akabaki na kamba mkononi.

Kwa hiyo sasa nasema hivi. Mlango wa nyuma uliofungwa mwaka 2016 ni heri umefungwa, kwani huruma inayokoma kwenye haja ya mnunuzi si huruma. Shamba linalojulikana kwa dhuluma lizuiliwe bidhaa zake, shamba hilo, si nchi nzima. Lakini zuio lije pamoja na mkaguzi, na chama, na malipo ya siku zilizokwisha kufanywa, na mkaguzi asiwe wa kwanza kufukuzwa fedha zikipungua. Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya dhambi za Wazungu. Aliyemkata mpwa wangu siku zake ni Mtanzania mwenzetu.

Babu alifariki katika miaka ya 1970. Kisanduku chake ninacho. Juzi mpwa wangu alikifungua, akakitazama kile kipande kwa muda mrefu, akavihesabu vyumba kwa kidole mpaka vile vinne vitupu. Kisha akaniuliza kama nina daftari na kalamu. Msimu huu anasema ataandika siku zake mwenyewe.