Kipandauso na glakoma: Dawa ya kichwa inapohatarisha jicho

MGONJWA wa kipandauso anapochoka kujifungia gizani siku kadhaa kila mwezi, daktari humwandikia dawa ya kumeza kila siku ili maumivu yapungue au yasije kabisa. Huo ni ushauri mwema. Lakini iwapo mgonjwa huyo pia ana glakoma, maradhi ambayo wengi huyaita presha ya macho, dawa ile ile inayomtuliza kichwa yaweza kumharibia jicho.

Tatizo huanzia kwenye foleni mbili. Kichwa hutibiwa na daktari wa kawaida au mtaalamu wa neva, ilhali macho huangaliwa katika kliniki nyingine, pengine hata katika mji mwingine. Faili hizo hazikutani. Mgonjwa naye haoni haja ya kutaja matone anayotia machoni, kwa kuwa mawazoni mwake dawa ni kile kinachomezwa au kudungwa.

Jambo la kwanza kujulikana ni aina ya glakoma. Sehemu ya mbele ya jicho ina maji yanayotengenezwa na kutolewa usiku na mchana kupitia pembe iliyo baina ya kioo cha mbele cha jicho na ile sehemu yenye rangi. Katika glakoma ya pembe iliyo wazi, njia ipo ila maji huchujika polepole. Neva inayopeleka picha kwenye ubongo huharibika kidogo kidogo bila maumivu, na uoni unaopotea haurudi. Katika glakoma ya pembe nyembamba, njia yenyewe imebanwa, na hukaribia kuzibwa kabisa.

Katika ukanda huu, aina ya kwanza ndiyo imeenea zaidi. Utafiti uliofanyiwa wakazi wa Kongwa nchini Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulibaini kwamba takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma. Wengi wao walikuwa na pembe zilizo wazi. Wenye pembe zilizofungika hawakufika hata mmoja kati ya 100. Hata hivyo, takwimu za jamii hazimwambii mgonjwa mmoja hali ya jicho lake. Daktari wa macho hulitia jicho ganzi, akaweka juu yake lenzi maalum na kuitazama pembe hiyo. Shughuli hiyo huchukua dakika chache tu.

Tofauti hii ndiyo huamua hatima ya amitriptilini, dawa ya bei nafuu ambayo madaktari wengi huiandika kwa wagonjwa wa kipandauso, hasa wale wanaokosa usingizi. Dawa hiyo hupanua mboni. Kwa mwenye pembe nyembamba, mboni inapopanuka, ile sehemu yenye rangi hujikunja na kuziba njia ya maji. Kwa mwenye pembe zilizo wazi hatari hiyo ni ndogo, na dawa yaweza kutumiwa chini ya uangalizi.

Topirameti ni habari nyingine kabisa. Dawa hii ya kifafa iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004 kuzuia kipandauso, ingawa tahadhari kuhusu madhara yake kwa macho ilikuwa imetolewa mwaka 2001. Kwa watu wachache, tishu zilizo nyuma ya lenzi hujaa maji na kuisukuma lenzi mbele mpaka pembe ikazibika. Hilo laweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kuwa na glakoma. Kwa kawaida hutokea katika mwezi wa kwanza wa matibabu na hushika macho yote mawili: vitu vya mbali huwa na ukungu ghafla, kisha maumivu hufuata.

Balaa ni kwamba mgonjwa hudhani kipandauso kimemrudia, akaendelea kumeza vidonge vile vile. Tundu la leza, ambalo huwasaidia wenye pembe nyembamba, halifui dafu hapa. Tiba kuu ni daktari kuisitisha dawa upesi. Aidha, anayemeza asetazolamidi ili kushusha presha ya macho hapaswi kuongezewa topirameti ovyo, maana kwa pamoja huongeza asidi mwilini na uwezekano wa mawe kwenye figo. Topirameti pia huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hilo si dogo, kwa kuwa wanawake ndio wanaougua kipandauso zaidi.

Propranololi huonekana kama zawadi, kwani huzuia kipandauso na pia hushusha shinikizo la jicho kiasi. Lakini wagonjwa wengi wa glakoma tayari hutumia matone ya timololi, dawa ya ukoo huo huo. Matone hayo huteremka kupitia njia ya machozi hadi puani na kuingia katika damu. Yakikutana na vidonge, mapigo ya moyo huweza kupungua kupita kiasi na mgonjwa akapata kizunguzungu au kuzirai. Mwenye pumu hafai kupewa yoyote kati ya hizo mbili. Kufumba macho na kubonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili au tatu baada ya kutia tone hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Kuna pia glakoma ambayo shinikizo la jicho ni la kawaida ilhali neva inaendelea kufa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa hao kipandauso chenyewe huambatana na kuzorota kwa haraka zaidi. Kwao, dawa zinazoshusha shinikizo la damu, kama vile propranololi na kandesatani, zahitaji uangalifu wa saa za kumezwa, kwani damu ikipungua nguvu mno usiku neva hiyo hukosa lishe.

Sindano za kizazi kipya kama erenumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hazipanui mboni. Kikwazo ni bei.

Dalili nazo hupotosha. Vimulimuli vya kipandauso hutanda kama msumeno kwa muda usiozidi saa moja, kisha hutoweka. Pembe inapozibika, jicho huwa jekundu, uoni hufifia, taa huzungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, na mgonjwa hutapika. Kujilaza gizani, desturi ya kila mwenye kipandauso, huipanua mboni na kuzidisha hali. Mtu huyo apelekwe hospitalini usiku huo huo, kwa sababu uoni waweza kupotea katika muda wa saa au siku chache.

Anayeishi na maradhi haya mawili hana budi kubeba dawa zote, matone yakiwemo, kila anapokwenda kliniki yoyote. Amwombe daktari wa macho amwandikie kwenye kadi iwapo pembe zake ziko wazi au ni nyembamba, na kadi hiyo aionyeshe kabla ya kuandikiwa dawa mpya ya kichwa. Propranololi isikatizwe ghafla, nayo matone yasiachwe kwa sababu tu kichwa kimepoa.