Ugonjwa Sugu wa Kongosho na Hatari ya Kuvunjika Mifupa: Yanayopaswa Kufahamika Handeni na Korogwe

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, chenye kazi mbili: kutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya chakula na kutoa insulini inayodhibiti sukari katika damu. Kinapovimba na kuharibika kwa muda mrefu, makovu huchukua nafasi ya tishu zake na uharibifu huo haurudi nyuma. Dalili zinazofahamika zaidi ni maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, kupungua uzito na, kwa baadhi ya wagonjwa, kisukari. Athari inayosahaulika kwa urahisi ni ile ya mifupa.

Kwa nini mifupa hudhoofika

Vimeng'enya vinapopungua, mafuta ya chakula hayasagwi ipasavyo. Vitamini D, ambayo husafiri pamoja na mafuta hayo, hupotea kwa njia ya choo, na bila vitamini hiyo utumbo hufyonza kiasi kidogo cha kalsiamu. Mwili hulazimika kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa. Pombe na tumbaku, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya ugonjwa wenyewe, nazo hudhoofisha mifupa moja kwa moja.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne ana mifupa iliyodhoofika sana, na karibu theluthi mbili wana upungufu wa kiwango fulani. Mwaka huohuo, utafiti wa Denmark ulibaini kuwa hatari ya kuvunjika mfupa kwa wagonjwa hao ni mara 1.7 ya ile ya watu wengine. Waliokuwa wakitumia dawa za vimeng'enya kwa sababu ya kushindwa kufyonza mafuta walivunjika kwa kiwango cha chini kuliko wagonjwa wenzao.

Athari kwa kaya

Mfupa hudhoofika bila maumivu. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono au pingili ya uti wa mgongo baada ya kuteleza tu uani. Kwa mkulima wa mahindi wa Kabuku wilayani Handeni, au mkata mkonge wa Hale wilayani Korogwe, nyonga iliyovunjika ni msimu mzima bila kipato, pamoja na gharama ya matibabu na ya ndugu anayemuuguza.

Hatua za kuchukua

Mtu mwenye maumivu ya tumbo yanayojirudia, au choo chenye mafuta, harufu kali na kinachoelea, anashauriwa kufika mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali ya wilaya au ya mji, ikiwemo Magunga mjini Korogwe, na inapolazimu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga.

Aliyekwisha kugundulika kuwa na ugonjwa huu amuulize daktari kuhusu hali ya mifupa yake. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unapendekeza watu wazima wenye ugonjwa huu wapimwe uimara wa mifupa kila baada ya miaka miwili. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani kwa urahisi, bado yapo ya kufanya:

- Kuacha kabisa pombe, ikiwemo gongo, pamoja na sigara na ugoro.
- Kumeza dawa za vimeng'enya pamoja na chakula, si saa kadhaa kabla au baada yake, kama daktari alivyoelekeza.
- Kula milo midogo mara nyingi, yenye maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kunde na mboga za majani. Mafuta yasiondolewe katika chakula bila ushauri wa mtaalamu, kwani mgonjwa tayari anapungukiwa nguvu.
- Kupata jua na kutembea kila siku kwa kadiri ya uwezo. Mgonjwa anayeshinda ndani hukosa vitamini D hata katika wilaya zenye jua la kutosha.
- Kutumia vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa maelekezo ya daktari pekee.

Familia nazo zina wajibu wa kupunguza hatari ya kuanguka: kuwasha taa usiku, kusawazisha njia ya kwenda chooni na kuondoa vizuizi mlangoni. Mgonjwa aliyeanguka na kuhisi maumivu makali asikandwe wala kunyooshwa nyumbani, bali apelekwe hospitali akiwa ametulizwa asitikisike.