Tone la damu linageukaje kuwa namba?

Msikilizaji wetu, ukienda kupima sukari, mhudumu anakutoboa kidole, tone la damu linagusa kipande cha kupimia, na baada ya sekunde chache namba inatokea kwenye kioo. Inatoka wapi?

Kipande kile kina kimeng'enya kinachofanya kazi na sukari tu. Vikikutana, umeme mdogo sana huzalishwa. Sukari ikiwa nyingi, umeme nao huongezeka. Chipu iliyo ndani ya mashine huupima na kuugeuza kuwa namba.

Chipu inaweza pia kuhisi yenyewe. Ndani yake mna transista, ambazo ni kama koki za kufungulia na kupunguza umeme. Mwaka 1970, Piet Bergveld wa Uholanzi alieleza transista ambayo koki yake huendeshwa na kimiminika kinachoigusa. Asidi ikibadilika, umeme nao hubadilika. Leo chipu za namna hiyo hutumika hata kusoma vinasaba.

Wahandisi wa Imperial College London wamekwenda mbele zaidi. Wametengeneza chipu inayoiga seli za kongosho zinazotoa insulini. Mwenye kisukari aina ya kwanza seli hizo zimeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, na bila insulini hawezi kuishi. Katika kifaa chao, kihisio kilicho chini ya ngozi hupima sukari kila baada ya dakika chache, chipu hukadiria kiasi ambacho seli nzima ingetoa, kisha pampu huingiza insulini mwilini. Kimeshajaribiwa kwa wagonjwa.

Lakini chipu haitengenezi insulini. Inakadiria kiasi tu. Dawa bado lazima ipatikane na itunzwe isiharibike kwa joto.

Na chipu huamini inachopewa. Ukitoka kumenya embe bila kunawa, sukari iliyobaki kidoleni huhesabiwa kama ya damu, na anayepanga dozi kwa namba hiyo anaweza kujidunga insulini kupita kiasi. Hiyo ni hatari. Kwa hiyo nawa kwa sabuni, kausha mikono, tumia vipande ambavyo havijaisha muda, na kopo lake lifunikwe vizuri. Namba isipolingana na unavyojisikia, rudia kupima. Bado hailingani? Nenda kituo cha afya, na usibadilishe dozi bila ushauri wa mtaalamu.